Jua Halijaua Redio Yako: Majibu kwa Madai Kuhusu Masafa Mafupi

Tarehe 3 Oktoba 2024, saa 9:18 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, jua lilifikia kilele cha mlipuko wa daraja la X9.0, mkubwa kuliko wowote uliokuwa umepimwa tangu mzunguko huu wa jua uanze Desemba 2019. Bara zima la Afrika lilikuwa mchana. Msikilizaji wa masafa mafupi, awe Kigoma, Lamu au Bukavu, alikuwa upande ule ule wa dunia uliopigwa. Na redio ikinyamaza ghafla namna hiyo, maelezo hayakosekani: betri zimeisha, fundi aitwe, serikali imeziba mawimbi, kiama kimekaribia. Mengi ya maelezo hayo si kweli. Mengine yana ukweli nusu, na huo ndio mgumu zaidi kuung'oa. Nayajibu hapa kwa sababu masafa mafupi ndiyo yamewafikishia watu wengi wa eneo letu habari za nje pale njia nyingine zilipofungwa, na mtu asiyejua kinachoinyamazisha redio yake ni rahisi kudanganywa.

"Redio imekufa, mpelekee fundi."

Tuanze na njia ambayo sauti hupita. Stesheni iliyo umbali wa maelfu ya kilomita haikufikii kwa mstari ulionyooka, maana dunia imepinda. Wimbi hupanda angani hadi kwenye ayonosfia, yaani hewa ya juu ambayo mwanga wa jua umeichana ikawa na elektroni huru, kisha hurudishwa chini. Kwa safari ndefu kazi hiyo hufanywa na tabaka linaloitwa F, kiasi cha kilomita 250 hadi 400 juu yetu. Chini yake, kati ya kilomita 60 na 90, kuna tabaka D, nalo halirudishi masafa mafupi, huyanyonya. Katika kimo hicho hewa bado ni nzito kiasi. Elektroni inayotikiswa na wimbi hujigonga kwenye molekuli za hewa kabla haijairudisha nguvu iliyopokea, na nguvu ya wimbi huishia kuwa joto.

Siku ya kawaida tabaka D hula sehemu tu ya wimbi. Jua linapolipuka, eksirei zake humiminika humo, elektroni huongezeka mara nyingi ndani ya dakika chache, na wimbi hudhoofika hata lisisikike. Tena kila mruko mmoja wa wimbi hulipitisha hapo mara mbili, likipanda na likishuka.

Kwa hiyo hakuna kilichoungua. Mlipuko wa jua hauleti umeme kwenye antena yako wala haugusi transista yoyote ndani ya boksi lako. Kipimo chake hakina gharama: hamia FM. FM hutoka kwenye mnara hadi kwenye redio bila kuitegemea ayonosfia. Ikisikika vizuri huku masafa mafupi yakiwa kimya kuanzia mita 49 hadi mita 25, na ni mchana, weka bisibisi chini usubiri.

"Mikwaruzo yote hiyo inaletwa na jua."

Dai hili limeenea kuliko yote, na karibu kila mara ni kinyume cha kinachotokea. Mlipuko wa jua huleta ukimya. Katika siku isiyo na mlipuko, sehemu ya mikwaruzo unayoisikia kati ya stesheni moja na nyingine hutoka kwenye radi zinazopiga mbali sana, na kelele hizo husafiri kwa njia ile ile ya ayonosfia. Tabaka D linaponenepa hunyonya stesheni pamoja na kelele hizo za mbali. Bendi nzima hutulia kwa namna isiyo ya kawaida, na hapo ndipo msikilizaji anapodhani antena imekatika.

Yapo mazingira ambamo jua lenyewe hupiga kelele ya redio, na historia yake inastahili kusimuliwa. Tarehe 27 na 28 Februari 1942, rada za jeshi la Uingereza zilivurugwa na mvumo mkali. Majuma mawili tu kabla, Wajerumani walikuwa wameziziba rada za Waingereza ili meli zao za kivita zipite katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, kwa hiyo kila mtu alidhani hila imerudiwa. Mwanafizikia J. S. Hey alipokusanya taarifa za vituo mbalimbali aliona kwamba mwelekeo wa kelele ulilifuata jua lilivyosogea angani. Wanaastronomia wa Greenwich wakathibitisha kuwa siku hizo kulikuwa na doa kubwa kwenye uso wa jua. Vita vilizuia habari hiyo isichapishwe hadi 1946. Lakini rada hizo zilitumia mawimbi ya mita 4 hadi 6, juu ya masafa mafupi ya redio yako ya nyumbani. Kwenye bendi za matangazo, unyonyaji ndio hushinda.

Basi mikwaruzo ya kila siku inatoka wapi? Mara nyingi inatoka ndani ya nyumba yako au ya jirani: taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, king'amuzi, na ile kontrola inayounganisha paneli ya sola na betri. Vifaa hivi hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na vikiwa havina vichujio vizuri hutawanya kelele katika masafa mafupi yote. Zima swichi kuu ya nyumba, washa redio kwa betri, sikiliza tena. Wengi watashangaa stesheni ngapi zilikuwepo muda wote. Naliweka hili mbele ya mlipuko wowote wa jua: kwa msikilizaji wa mjini, adui wa kwanza wa masafa mafupi leo ni vifaa hivi, na jua linalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

"Wameziba mawimbi."

Kuziba mawimbi kupo, na serikali kadhaa duniani zimefanya hivyo tangu zama za vita baridi. Sitamwambia msikilizaji aache kushuku. Namwambia ajue dalili. Anayeziba hurusha kitu juu ya stesheni anayoilenga: mngurumo, mluzi, muziki usiokoma, au mtangazaji mwingine. Stesheni jirani kwenye bendi hiyo hiyo huendelea kusikika. Mlipuko wa jua hauchagui. Hunyamazisha wote, wa serikali na wa upinzani, wa dini na wa muziki, na huwanyamazisha kwa pamoja.

"Sisi wa ikweta tuko salama, hayo ni mambo ya Ulaya na ncha za dunia."

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Mianga ya rangi inayoonekana kwenye anga za kaskazini na kusini kabisa hutokana na dhoruba ya sumaku, na kweli dhoruba hizo huzigonga nchi za karibu na ncha kwa nguvu zaidi. Mlipuko wenyewe hauifuati sumaku ya dunia. Eksirei husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga, na hupiga kwa nguvu kubwa zaidi pale jua linapokuwa utosini. Pale ni kwetu.

Tarehe 6 Septemba 2017 jua lililipuka mara mbili mchana wa Afrika Mashariki. Mlipuko wa kwanza, wa daraja la X2.2, ulifikia kilele saa 6:10 mchana, wakati Nairobi jua lilikuwa karibu wima kabisa. Wa pili, X9.3, ulifika saa 9:02 alasiri. Mtu wa Oslo siku hiyo jua lake lilikuwa chini zaidi angani kuliko la mtu wa Nairobi, na kwa mlipuko ule wa adhuhuri unyonyaji uliomfikia ulikuwa mdogo kuliko wa kwetu. Anayewaambia watu wa Mwanza kwamba milipuko ya jua haiwahusu anawaambia kinyume cha fizikia.

Ikweta ina tabia yake nyingine inayowapotosha wasikilizaji. Baada ya magharibi, hasa katika miezi ya karibu na Machi na Septemba, ayonosfia ya ukanda wetu hutoboka mapovu makubwa yenye elektroni chache. Wimbi linalopita humo huvunjika, na sauti hutetemeka haraka haraka kana kwamba msemaji anazungumza ndani ya feni. Hilo hutokea hata siku ambayo jua halina mlipuko wowote.

"Usiku wa leo miale hatari itapita karibu na dunia, zima simu na redio."

Ujumbe huu umezunguka kwenye simu kwa miaka mingi, ukitaja saa za usiku wa manane na kujipamba kwa majina ya taasisi kubwa kama NASA na BBC. Kwa upande wa jua hauna hata chembe ya ukweli. Usiku, dunia nzima yenyewe imesimama kati yako na jua.

Jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1930. Mjerumani Hans Mögel aliuandika ukimya wa ghafla wa masafa mafupi mwaka 1930, na mwaka 1935 Mmarekani J. Howard Dellinger akaonyesha kwamba huandamana na milipuko ya jua na kwamba hutokea tu katika nusu ya dunia yenye mchana. Mpaka leo ukimya huo huitwa kwa majina yao. Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2003. Tarehe 28 Oktoba mlipuko wa X17 ulifika saa 8:10 mchana kwetu, na nusu nzima ya dunia iliyokuwa mchana, sisi tukiwemo, ikawa chini yake. Tarehe 4 Novemba ukaja mlipuko mkubwa zaidi kuwahi kurekodiwa tangu satelaiti zianze kupima eksirei za jua. Vipimo vilijaa hadi vikashindwa kusoma, na ukubwa wake ukakadiriwa kuwa X28 au zaidi. Afrika Mashariki ilikuwa ikikaribia saa 5 usiku, na tabaka D juu ya vichwa vyetu halikuguswa.

Kuna hali moja tu inayostahili kuongezwa hapa. Wewe unaweza kuwa gizani huku wimbi unalolisikiliza likipita mchana. Tarehe 14 Mei 2024 mlipuko wa X8.7 ulifikia kilele ikikaribia saa 2 usiku kwetu, lakini kisiwa cha Ascension kilicho katikati ya Atlantiki, ambacho mitambo yake imekuwa ikirusha matangazo ya BBC kuelekea Afrika tangu 1966, kilikuwa alasiri. Wimbi la kutoka huko lilianza safari chini ya tabaka lililopigwa. Kwa hiyo swali la kuuliza ni jua liko wapi katika njia nzima ya wimbi, tangu mtambo hadi kwako.

"Tutatangaziwa siku moja kabla."

Haiwezekani. Eksirei hutoka juani hadi hapa kwa dakika 8 na kidogo, kwa mwendo ule ule wa mwanga. Satelaiti inapouona mlipuko, athari zimeshafika. Wataalamu wanaweza kutoa uwezekano tu: wakiona kundi la madoa lenye sumaku iliyojisokota, husema kuna nafasi ya asilimia fulani ya mlipuko mkubwa katika saa 24 zijazo.

Kinachotangazwa kabla ni kitu kingine. Mara nyingine mlipuko huandamana na wingu kubwa la chembe zenye umeme na sumaku, na wingu hilo huchukua kwa kawaida siku 1 hadi 3 kutufikia. Lile la Septemba 1859, baada ya mlipuko aliouona Richard Carrington kwa macho kupitia darubini yake Uingereza, lilitumia chini ya saa 18, na huo ni mwendo wa nadra. Wingu likigonga sumaku ya dunia huleta dhoruba. Dhoruba inaweza kulidhoofisha tabaka F, na hapo hali hugeuka: bendi za juu ndizo hufungwa kwanza, kwa siku moja au mbili, mchana na usiku. Gazeti linapoandika kwamba mlipuko wa jua utaifikia dunia keshokutwa, soma hivi: mlipuko umeshapita, wingu ndilo linakuja.

"Ikizimika, shuka bendi za chini usubiri siku tatu."

Makosa mawili kwa mpigo. Ukimya wa mlipuko huanza ghafla na hudumu dakika kadhaa hadi saa chache. Wa daraja la X1 huvuruga mawasiliano kwa kiasi cha saa moja upande wa mchana. Na kushuka ni kujizamisha zaidi. Unyonyaji wa tabaka D hupungua kwa haraka wimbi linapokuwa fupi, takriban kwa kipeo cha pili cha masafa yake. Kwa hesabu hiyo, wimbi la megahezi 6, bendi ya mita 49, hunyonywa kama mara sita ya lile la megahezi 15, bendi ya mita 19. Bendi za chini huzimika kwanza na kurudi mwisho. Ukiwa kwenye mita 41 na stesheni ikatoweka mchana, panda: jaribu mita 19, 16, 13. Mlipuko wa daraja la M, lililo chini ya X, ukitokea, mara nyingi huko juu hutahisi chochote.

"Madoa ya jua yameua masafa mafupi."

Madoa mengi ndiyo neema ya masafa mafupi. Jua lenye madoa hutoa mwanga mwingi usioonekana unaolineemesha tabaka F kila siku, na tabaka lenye elektroni nyingi huweza kurudisha chini mawimbi mafupi zaidi. Jua likitulia, kama lilivyokuwa mwaka 2019, bendi za mita 13 na 11 zinaweza kubaki tupu kwa majuma. Likichachamaa, kama ilivyokuwa 2023 na 2024, bendi hizo hufunguka mchana kutwa, na redio za wapenzi wa mawasiliano wenye leseni, wanaotumia alama za 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya au 9Q kwa Kongo, huvuka mabara kwa wati chache. Milipuko ni sehemu ya neema hiyo. Ukipima saa zilizopotea kwa ukimya dhidi ya miezi ya usikivu mzuri, hakuna haja ya mjadala.

"Ni dalili ya mwisho."

Kituo cha Marekani kinachofuatilia hali ya anga za juu hupanga ukimya wa redio kwa vipimo vya R1 hadi R5. Katika mzunguko mmoja wa jua wa miaka 11, R1 hutarajiwa mara zipatazo 2,000, na R3, yaani mlipuko wa X1, mara 175. R5 hutarajiwa chini ya mara moja. Wazazi na mababu zetu walipitia maelfu ya milipuko hii wakisikiliza taarab na taarifa ya habari.

"Intaneti ilikatika Mei 2024 kwa sababu ya jua."

Ni rahisi kuona kwa nini mtu aliunganisha. Dhoruba ya sumaku ya daraja la juu kabisa, ya kwanza ya kiwango hicho tangu Oktoba 2003, ilipiga tarehe 10 na 11 Mei. Jumapili tarehe 12, intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Lakini sababu ilipatikana chini ya bahari: nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika kwenye pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban, na ikabidi meli ya matengenezo iende kuziunga. Matukio mawili yalifuatana kwa tarehe tu. Ukimya unaoletwa na jua huondoka wenyewe. Waya uliokatika husubiri meli.

"Masafa mafupi yamekwisha, haya yote yanamhusu nani?"

Yanamhusu abiria wa ndege inayovuka bahari, kwanza. Mbali na minara ya nchi kavu, rubani bado huzungumza na waongozaji kwa masafa mafupi. Siku ile ya Septemba 2017, mamlaka ya usafiri wa anga ya Ufaransa iliripoti kupoteza mawasiliano ya masafa mafupi na ndege moja karibu na pwani za Brazil na Guyana ya Ufaransa kwa takriban dakika 90. Siku hiyo hiyo kimbunga Irma kilikuwa kikivipiga visiwa vya Karibiani, na waliokuwa wakipeleka taarifa za dharura kwa redio walikutana na ukimya huo huo katikati ya maafa. Hilo si jambo la zamani lililokwisha.

Linamhusu pia msikilizaji wa Kiswahili. Mtambo wa Deutsche Welle wa Kigali ulifungwa 2015, na wa BBC wa Ushelisheli ulikuwa umefungwa mwaka mmoja kabla. Mitambo inapopungua, kila wimbi lililobaki husafiri kutoka mbali zaidi na hutegemea anga zaidi. Idhaa zinazoendelea kutumia masafa mafupi ziwatangazie wasikilizaji wao angalau bendi moja ya juu ya akiba kwa vipindi vya mchana, na ziwaeleze ni ya nini. Kituo cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, kilichopo Hermanus, hufuatilia jua saa 24 kwa ajili ya bara hili, na taarifa zake ni wazi kwa yeyote. Mamlaka zetu za hali ya hewa na za mawasiliano zingeweza kuzisoma kwa Kiswahili kila mlipuko mkubwa unapotokea mchana wetu. Wewe msikilizaji, redio ikinyamaza ghafla mchana, andika saa, jaribu FM, panda bendi ya juu, na usimlipe fundi yeyote kabla ya jua kuzama.